Jamaa wa Langoni: kuku wa Zuhura wametaga

Zuhura: Asalaam aleikum jamaa wa Lamu, huku Marekani ndo kwanza kumekucha, nyinyi nadhani mwatoka kuswali alasiri. Nna habari. Yule kuku mweusi katagaaaa 😂 tangu mwezi wa 11 sijaona yai la nyumbani hata moja

Khadija Malindi: Waaleikum salaam. Mabruki 😂😂 lete picha

Zuhura: [picha]

Khadija Malindi: Ndo hili? Kala bure msimu mzima alafu atoa kiyai kama cha njiwa

Mama Mkubwa: Huyu ni Swabra naandika, bibi asema: mwanangu hao kuku wako wala nini miezi yote hiyo na hawatagi, mimi kuku akinigomea mwezi mmoja humtia nyunguni. Na hiyo nti ya baridi hawafi? Watie ndani jikoni ulale nao

Zuhura: Mama mkubwa nakuamkia. Wallahi si baridi iliyowagomesha, ni mwanga. Kuku mwili wake wahesabu mchana, ukiwa mfupi sana mayai yasimama. Sasa huku Minneapolis mwezi wa 12 jua latoka karibu saa 2 asubuhi na saa 10 na nusu jioni lishatua, mchana wote haufiki masaa 9. Huko Lamu mko karibu na ikweta, iwe kusi iwe kaskazi mchana ni masaa 12 tu na dakika zake, ndo maana hamjaona hata siku moja kuku wa mtaa mzima wamegoma pamoja. Wiki hii ya mwisho wa mwezi wa 3 mchana wangu na wenu ni karibu sawa sawa, na kuku nao ndo hao waanza

Ami Shee: Kumbe. Mi nkidhani wamekufa ganzi

Khadija Malindi: Si ungewawekea taa, stima si ipo masaa yote huko

Zuhura: Wako wanaoweka, balbu ndogo tu na taima, wafikisha masaa 14 au 16 ya mwanga. Na huwashwa alfajiri kabla ya jua, sio jioni, maana ukiizima jioni ghafla kuku wabaki chini gizani hawaoni pa kupanda. Mi nimewaacha wapumzike. Ndo msimu wao wa kupukutisha manyoya na kuota mapya, hata mtu akijifungua apewa arobaini yake

Mama Mkubwa: bibi asema hapo umesema kweli. Lakini hujajibu la baridi

Ami Shee: Naam hilo la baridi. Zuhura mimi nimefuga kuku aina ya kuchi miaka mingi. Weka jiko la makaa humo bandani alafu ziba kila tundu, upepo usipite kabisa, asubuhi utawakuta wamechangamka

Zuhura: Ami kwa heshima zote asubuhi ntawakuta wamekufa wote 😅 makaa kwenye banda limezibwa ni sumu ile, hata sisi watu tungekufa. Na hata zile taa nyekundu za joto, kila baridi ikizidi mtaona habari banda fulani limewaka moto, taa imeanguka kwenye maranda. Kuku mzima ana joto la nyuzi 41 mwilini na koti la manyoya juu, akijivimbisha apata joto lake. Usiku wa nyuzi 25 chini ya sufuri wangu wamelala bila hita. Adui ni unyevu. Kuku wapumua usiku kucha na kinyesi chatoa mvuke na ile harufu kali inayowasha mato, sasa ukiziba, mvuke wote warudi kwenye vilemba vyao vyekundu vya kichwani vinaganda vinakuwa vyeusi. Kwa hivyo banda langu lina matundu juu karibu na paa, hewa yatoka, lakini upepo haumpigi kuku pale alipolala. Chini pakavu, juu pako wazi, basi

Ami Shee: Matundu wazi kwenye theluji

Zuhura: Wazi ami

Ami Shee: Haya. Mi ntanyamaza

Athman: Ami kunyamaza 😂 andikeni tarehe

Ami Shee: Athman wewe banda lako la mabati ulilofunga kama sanduku kuku wahema mdomo wazi saa 8 mchana sijakusema

Zuhura: Athman kweli? Ni kitu kile kile basi, huku unyevu huko joto, yote yataka pa kutokea juu. Ng'oa bati moja la ubavuni utie wavu, na juu ya paa tupia makuti. Kuku hatoki jasho, ahema tu, ukiona mabawa ameyaachia na mdomo wazi ushachelewa kidogo, mpe maji ya baridi upesi

Athman: Wavu ninao, ule wa kuvulia uliochakaa wa baba. Ndo nafunikia vifaranga sababu ya kunguru. Hawa kunguru weusi wa shingo ya kijivu hawana haya, wamngoja mama mtu ageuke tu

Khadija Malindi: Malindi ni hivyo hivyo, na kicheche juu yake

Zuhura: Huku ni mwewe na mnyama mmoja aitwa rakuni, ana mikono kama ya tumbili afungua komeo. Kulabu ya kawaida haimshindi, yataka kufuli au ile ndoana ya kubana

Ami Shee: Narudi kwenye vilemba. Kuchi wangu kilemba chake kidogo kimelala kichwani, hakina meno marefu. Huyo huko hagandi

Zuhura: Ami hapo umepiga penyewe!! Ndo wanachotafuta watu wa huku. Kuku wa vilemba virefu ndo wa kwanza kuungua na baridi. Kuna aina yaitwa Chantecler, ni ya Canada, mtawa mmoja wa Quebec aliichanganya mwanzo wa karne ya 20 makusudi apate kuku wa kilemba kidogo na ndevu fupi astahimili baridi na atage, ikakubaliwa rasmi mwaka 1921. Mimi ninao wawili. Kuchi kwa kilemba angefaa ila miguu yake mirefu na manyoya haba sijui kama ungemwonea huruma

Ami Shee: Kuchi hauziwi mtu wa mbali hata hivyo

Khadija Malindi: Nani kakwambia auziwa 😂

Athman: Dada Zuhura mi swali langu ni la pesa. Yafaa? Maana hapa kuku wa kienyeji ajitafutia, makombo ya jikoni, funza wa mtaani, mchele wa chini

Zuhura: Athman tusidanganyane, ukipiga hesabu ya mbao za banda, chakula, kibali cha jiji (ndio, jiji lataka kibali cha kufuga) yai langu ni ghali kuliko la duka. Mwaka jana tu 2025 ndo nilijiona mjanja, mwezi wa 3 dazeni dukani ilipita dola 6 kwa sababu ya mafua ya ndege, kuku wa mashamba makubwa waliuliwa mamilioni. Saa hizi bei imeshuka. Na hayo mafua bado yatembea, bata mwitu na mabata bukini ndo wapita sasa wakirudi kaskazini, chakula cha kuku naweka ndani ya banda wasijekula pamoja. Mi faida yangu iko kwenye shamba, si kwenye yai

Mama Mkubwa: bibi auliza shamba gani na theluji yote hiyo

Zuhura: Shamba ni uwa wa nyuma mama mkubwa, kama ukumbi wako mara mbili. Theluji yaondoka sasa imebaki pembeni pembeni, ardhi chini bado ngumu. Lakini mbegu nishaanza. Hapo ndo ubahili wetu wa Langoni wanifaa 😂 sinunui trei wala vyungu. Galoni za plastiki za maziwa, zile nyeupe zapitisha mwanga, nazikata katikati zibaki zimeshikana upande mmoja kama mdomo, natoboa matundu chini, natia udongo na mbegu za sukuma na saladi na spinachi, nazifunga na utepe wa gundi, kifuniko cha juu naondoa, alafu naziweka NJE juu ya theluji tangu mwezi wa 1

Khadija Malindi: Nje??? kwenye barafu??

Zuhura: Nje kabisa. Mbegu zajua wakati wake. Theluji yaingia pale juu yayeyuka yawa maji, jua la mwezi wa 3 lapasha ndani kidogo, zachipua zenyewe zikiwa zimeshazoea baridi. Hiyo ni kwa mboga zinazostahimili tu. Sukuma hata huwa tamu zaidi ikipigwa na baridi, inajitengenezea sukari isigande. Tungule (nyanya) na pilipili ukizifanyia hivyo zafa, hizo nazipanda ndani dirishani kwenye vikombe vya gazeti, wiki 6 hadi 8 kabla ya baridi ya mwisho, na sizitoi nje kulala mpaka katikati ya mwezi wa 5. Na kabla ya hapo wiki nzima nazitoa kidogo kidogo, saa moja leo, mbili kesho, vinginevyo jua na upepo waziunguza majani

Athman: Sisi tungule twazitupa mbegu nyuma ya jiko zaota zenyewe 😂

Zuhura: Usinitie wivu

Athman: Lkn usinionee wivu sana. Sukuma yangu ya juu ya dari kwenye madebe yaliyokatwa, majani yaungua kingo yawa kahawia. Na nilitia mavi ya punda mengi tu maana Lamu hiyo ni bure ukisimama mlangoni na karai dakika kumi umejaza

Ami Shee: Mavi ya punda mabichi?

Athman: Ya siku ile ile ami

Ami Shee: Basi unapanda majani ya porini, punda atafuna mbegu hazisagi. Yarundike kwanza, yamwagie maji, funika na gunia, yapate moto. Miezi mitatu. Mbegu nyingi zitakufa humo

Zuhura: Ami kasema sawa. Na ya kuku ni makali zaidi, mabichi yaunguza mizizi. Mi maranda yote ya bandani siyatoi msimu wa baridi, naongeza makavu juu tu, chini yanaoza taratibu na yanatoa joto kidogo, saa hizi yamefika magotini. Mwezi ujao nayatoa yote yaenda kwenye rundo la mboji mpaka vuli. Ukitia shambani moja kwa moja, mboga inayogusa udongo ungoje siku 120 kabla ya kuila. Lakini Athman hayo majani kuungua kingo nadhani ni maji. Wamwagilia ya wapi?

Athman: Ya kisima cha hapa nyumbani. Yana chumvi kidogo lkn si sana

Mama Mkubwa: bibi asema si sana wapi, hayo mai hata sabuni haitoi povu. Mwambie mai mazuri ni yale ya Shela, yanayotoka tini ya mitanga, vile vilima vya mchanga

Zuhura: Ndo hapo. Mitanga ya Shela ndo yachuja mvua yakaa maji matamu, kisima cha mjini ni kingine. Athman chumvi yajikusanya kwenye debe kila ukimwagilia, maji yaondoka chumvi yabaki. Masika iko mlangoni, weka madebe yote wazi mvua iyapige yasafike, na kinga ya bati uwekee pipa. Na utoboe chini, debe bila tundu ni kaburi la mboga

Athman: Hayakutobolewa yote 😐

Khadija Malindi: 😂😂😂

Khadija Malindi: Zuhura hao kuku wako wa Canada uliwapata wapi, kwa boti?

Zuhura: Kwa posta 😂

Khadija Malindi: Wacha

Zuhura: Wallahi. Vifaranga vya siku moja, kwenye boksi la karatasi lenye matundu, wapigiwa simu alfajiri na posta njoo uchukue boksi lako lalia piyo piyo

Mama Mkubwa: bibi asema hilo ni uongo

Zuhura: Si uongo mama mkubwa. Kifaranga kabla hajatoka anyonya kile kiini cha yai chote kiingie tumboni, hicho chamtosha hata siku 3 bila kula wala kunywa. Ndo rizki yake ya njiani. Hata kuku wako akilalia, wa kwanza kutoka angoja ndugu zake namna hiyo hiyo mama haondoki. Wakifika ndo kazi, wiki ya kwanza wataka joto la nyuzi 35, alafu wapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka waote manyoya. Hao ndo wataka joto, si wakubwa. Na watoto wangu nawakataza kuwabusu, kifaranga ana salmonela hata akiwa msafi

Mama Mkubwa: bibi anyamaza yuafikiri. Sasa asema: subhanallah. Asema tena mayai yake yote aliyamaliza Ramadhani kwa mkate wa mayai, na kuku watatu walalia, kwa hivyo Idi alinunua ya leya, kuku wa kisasa, na mkate haukupanda vizuri

Ami Shee: Mkate ulipanda nilikula mimi

Mama Mkubwa: asema wewe hula chochote

Athman: Tukiwa bado kwenye kuku, mvua ikianza na kideri chaja, mwaka jana mtaa wa nyuma walizika kuku kila siku. Naenda Mokowe Jumamosi na termos yenye barafu nichukue chanjo. Chupa moja ni ya kuku wengi na ikishachanganywa yataka iishe siku hiyo hiyo, kwa hivyo tusinunue kila mtu yake. Ni tone moja tu jichoni, kisha tena baada ya miezi 3. Nani yumo?

Mama Mkubwa: bibi yumo, kuku 9 na jimbi. Wale watatu wanaolalia asema wasiguswe

Zuhura: Mama mkubwa nao pia, wachanje hapo hapo kwenye kiota usiku wakiwa wametulia. Aliye mgonjwa tayari ndo aachwe

Ami Shee: Mimi kuchi 4. Lakini nawashika mwenyewe, Athman hajui kushika kuchi

Athman: Ami nitumie pesa kabla ya Ijumaa basi

Ami Shee: Ntakupa mkononi

Athman: Ami

Ami Shee: Haya haya natuma

Khadija Malindi: Na mi wa Malindi nichanjiwe na nani

Athman: Uliza agroveti, duka la dawa za mifugo, ya hapo kwenu na ukusanye majirani watano sita. Dada Zuhura tuma ile picha ya galoni iliyokatwa, nataka nijaribu na mchicha, hapa za mafuta ya kupikia ndo nyingi

Zuhura: Za mafuta osha na maji ya moto na sabuni mara mbili, na huko usizifunge juu zitapika mbegu. Kata tu iwe kama bakuli, weka kivulini. Natuma nikitoka kazini