Mrejesho: Nimeona chombo kikiifuata ISS

Wakuu, niliuliza kama mtu akiwa ardhini anaweza kuona chombo cha anga kikikaribia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu (ISS). Mkaniambia nitazame jioni, saa chache kabla hakijaungana nacho. Nimekiona kwa macho yangu!

ISS ilitangulia, iking'aa kuliko nyota zote. Nyuma yake, kwenye njia ileile, kikafuata kinukta hafifu kisichometameta. Kilipita kwenye nyota niliyoilenga sekunde 12 baada ya kituo. Kwa mwendo wa takriban kilomita 7.7 kwa sekunde, hilo ni pengo la kama kilomita 90. Halafu kituo kikaingia kwenye kivuli cha Dunia, kikawa rangi ya chungwa, kikazimika. Kile kidogo kikaendelea peke yake hadi palepale, nacho kikapotea. Hapo nilisisimka kweli.

Aliyenieleza kwamba chombo hufukuzia kikiwa chini kidogo, maana kwenye obiti (njia ya kuizunguka Dunia) ya chini chombo huzunguka haraka zaidi, asante sana. Kuungana kwenyewe hakuonekani kwa macho matupu: kituo kina upana wa mita 109 tu, na kiko kama kilomita 400 juu.