Naombeni ushauri: saa nne kwenye benchi, mara tatu kwa wiki, na sala haitoki

Binti wa Mbagala

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mama yangu ana miaka 61, figo zake zimeshindwa kazi tangu mwaka jana. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka kusafishwa damu katika hospitali moja hapa Dar. Tunatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri kabla daladala hazijajaa, saa moja anaunganishwa kwenye mashine, saa tano anatolewa. Mimi nakaa nje kwenye benchi, maana ndani ndugu hawaruhusiwi.

Mwanzoni nilibeba rozari nikiamini hapo ndipo nitasali kuliko siku zote, na mwezi wa kwanza kweli nilisali. Siku hizi nikifika Salamu Maria ya tatu akili imeshahamia kwenye nauli na ada ya mdogo wangu, mara nimeshika simu naangalia video mpaka bando linakata. Nikiitwa kumchukua mama naona aibu, kana kwamba saa zote hizo sikuwa naye.

Kila mtu ananiambia subira yavuta heri. Lakini mimi singoji apone, daktari alishasema figo hizi hazirudi. Nangoja saa tano ifike, halafu keshokutwa nije kungoja tena. Mwenye uzoefu anisaidie: mnampataje Mungu mahali kama hapo?

Nawasilisha.

Mzee wa Ilala

Marahaba binti yangu, na pole sana. Mimi ni Mwislamu, ila nadhani tutaelewana.

Neno lenyewe linatuchanganya. Kusubiri limetoka kwenye Kiarabu, sabr, na huko maana yake ni kujizuia, kushikilia pale ulipo usivunjike. Sisi tumelitumia mpaka kwa basi na kwa fundi cherehani, tukasahau ule uzito wake. Kwa hiyo mwenye kuamka saa tisa usiku kumwogesha mama yake na kumpeleka hospitali ameshasubiri tayari, hata kabla hajakaa kwenye benchi.

Tumefundishwa pia kuwa mtu aliyekaa akingoja sala ya jamaa, yaani ya pamoja, muda wote ule anahesabiwa yumo ndani ya sala. Nilimuuguza mke wangu karibu miaka miwili na hilo ndilo lililonibeba. Nyiradi ndefu, yaani dua za kurudiarudia, zilinishinda kama rozari inavyokushinda wewe. Basi nikaweka jambo moja: kila mlango wa wodi ukifunguliwa, nasema Alhamdulillah. Mara moja tu, basi. Mlango ule ulifunguliwa mara nyingi sana kwa siku.

Mtu wa Kyela

Kwa heshima ya mzee, mimi nasema tofauti. Dada, umechoka. Kabla hujatafuta maana yoyote, lala. Egemea ukuta, jifunike khanga, lala hata nusu saa.

Nabii Eliya wa kwenye Biblia alipochoka hadi akaomba kufa, alilala chini ya mti wa mretemu. Malaika hakuja na mahubiri. Alimgusa, akamwambia inuka ule, na palikuwa na mkate na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akamwacha alale. Mimi niliuguza baba yangu nikijilaumu kila siku kwamba siombi vya kutosha, na lawama ile ndiyo iliyonimaliza, wala si kuuguza.

Katekista

Naunga mkono kulala. Ukiamka jaribu Zaburi ya 130, ina mistari minane tu. Mle mtu anamngoja Bwana kuliko walinzi wanavyoingoja asubuhi, na hilo la walinzi analirudia mara mbili. Wewe unayetoka nyumbani gizani unawaona walinzi wakiwa getini na makoti yao. Hakuna anayeharakisha kuche, ila yupo macho. Hata ukisoma mstari mmoja siku nzima, inatosha.

Nesi wa zamu

Dada, mimi nipo kitengo kama hicho mkoa mwingine. Nikwambie yanayotokea upande wa ndani. Wagonjwa wanatuuliza sana: "Mwanangu bado yupo hapo nje?" Tukichungulia tukasema yupo, utaona bega linashuka, anafumba macho. Kwa hiyo usiseme hukuwa naye.

Jingine, kama mama ana fistula mkononi, yaani pale walipounganisha mishipa, mwambie akuruhusu uweke vidole taratibu. Utasikia mtetemo. Tunawafundisha waupapase kila siku, maana ndiyo dalili kwamba njia iko wazi. Siku mtakapoukosa msingoje zamu yake, njooni siku hiyohiyo. Mkono huo asipimwe presha wala asibebe mzigo. Na mbebee shuka, damu ikizunguka nje ya mwili mtu anasikia baridi.

Binti wa Mbagala

Nimerudi. Asanteni sana, nimesoma yote, mengine mara tatu.

Jumatano, kituoni, bado giza, nilimwomba mama anipe mkono. Nimeufunga bandeji huo mkono miezi yote hii na sijawahi kuugusa hivyo. Unatetemeka, jamani, kama mzinga wa nyuki ukiushika kwa nje. Mama akaniambia usiku akiulalia anausikia sikioni, shwaa, shwaa, na kwamba mwanzoni ulimnyima usingizi, sasa asipousikia anageuka kuutafuta. Gari mbili zilipita zimejaa na sikuona tumechelewa.

Kwenye benchi nililala kwanza, Mtu wa Kyela. Niliposhtuka nikafanya la mzee, la mlango. Ulipofunguliwa mara ya nne, mama mmoja pembeni yangu alinyanyuka haraka, kumbe si mgonjwa wake, akakaa tena. Tumekaa benchi moja tangu Januari na nilikuwa sijamuuliza anamngoja nani. Ni mwanaye, ana miaka 24, wanatoka Mkuranga.

Rozari nilifika tendo la pili, ndipo nikaitwa. Nesi, mama anasema kweli husikia baridi, alikuwa hasemi tu asinisumbue. Ijumaa nabeba shuka mbili, moja ya yule kijana wa Mkuranga.