Mtwara mpaka Guangzhou ni masaa mangapi angani?

BintiMikindani: Habari zenu wakuu, naenda China kufuata mzigo wa nguo, nimeonyeshwa tiketi natoka Dar saa 4 usiku nafika Guangzhou kesho yake saa 7 mchana, sasa mbona masaa 15 na wanasema ndege haitui popote??

Korosho_Ghafi: Siyo 15 dada ni 10, wachina wako mbele yetu masaa 5, hiyo saa 7 ni ya kwao, sisi huku itakuwa saa 2 asubuhi watu wapo kwenye chai. Dar na Guangzhou kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 8,700, Dreamliner inatembea karibu 900 kwa saa, gawanya hapo halafu ongeza muda wa kupaa na kushuka. Mtwara–Dar ndo kitu kidogo, kilomita 400 hivi angani, lisaa tu, basi linakula zaidi ya 550 maana barabara inazungukia Lindi na Nangurukuru.

mzee_wa_Shangani: Kurudi ndo utachoka mwanangu. Kule juu upande wa Asia kuna upepo mkali unavuma toka magharibi kwenda mashariki, hasa miezi yao ya baridi, ukienda unaisukuma ndege ukirudi unaikabili, kwahiyo usishangae masaa yakiongezeka.

BintiMikindani: Kumbe! Asanteni, shikamoo mzee. Na kilo za mzigo mnapewaga ngapi?

Korosho_Ghafi: Soma kwenye tiketi, kila shirika na yake