Mtandao wa pamoja wa mtaa, Lamu: ruta za watu zipigwe marufuku?

Maalim wa Langoni
Nyumba kadhaa za mtaa wetu zinachangia laini moja ya intaneti na seva moja ndogo ya masomo ya watoto. Siku hizi seva inapotea. Ukiikagua haijafa, imebadilishiwa njia tu. Kamati inataka kupitisha kwamba asichomeke mtu ruta yake tena (kisanduku kinachogawa intaneti na waifai nyumbani), na atakayekaidi akatiwe waya. Mimi napinga.

Kwenye seva niliandika amri ya `ip route`, inayoonyesha lango, yaani ruta ya kutokea kwenda intaneti. Lililotokea likawa 192.168.1.1. Letu ni 192.168.10.1. Basi kuna kifaa kingine kinagawa anwani kwa DHCP (utaratibu wa ruta kukipa kila chombo anwani yake na lango lake), na seva imemsikiliza huyo. Amri ya `ip neigh` ikanipa MAC yake, namba ya kifaa ya kiwandani. Nusu ya kwanza ya MAC humtambulisha mtengenezaji, nikajua ni ruta ya kawaida ya dukani. Mtu ametia waya wa mtaa kwenye tundu la LAN (la vyombo vya ndani) badala ya WAN (la intaneti inayoingia), ndiyo maana ruta yake inaugawia mtaa anwani.

Mbona haitokei kila siku? Kwa sababu chombo kilichokwisha kupata anwani, nusu ya muda wake ikifika, humwendea yule yule aliyekipa kuomba kiongezewe. Umeme ukikatika ndipo mambo huharibika. Ukirudi, vyombo vyote vinapaza sauti kwa pamoja kutafuta anwani, na kwa kawaida anayewahi kujibu ndiye anayekubaliwa. Ruta ndogo inawaka upesi kuliko yetu kubwa. Na umeme wa hapa mnaujua wenyewe.

Mwenye nyumba ya wageni, Mkunguni
Kamati ilianza kwangu, eti kwa kuwa nina ruta tatu. Kuta zangu ni za mawe ya matumbawe, nene. Waifai ya ukumbini haifiki chumba cha pili. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, siwezi kutoboa ukuta ovyo nipitishe waya. Mgeni akikosa intaneti ananilalamikia mimi, haendi kwa kamati.

Fundi wa Mokowe
Dada, ruta tatu si kosa. Zima DHCP ndani ya kila moja, uipe anwani isiyogongana na ya mtu, waya uingie LAN, ibaki kurusha waifai tu. Lakini Maalim, seva ya watu wote inapokeaje anwani kwa DHCP? Iandikiwe anwani na lango kwa mkono, kesi imekwisha.

Maalim wa Langoni
Haijaisha, fundi. Seva itatulia, sawa. Simu na kompyuta za watoto je? Zikipewa anwani na ile ruta ngeni, seva haziioni hata ikiwa imesimama pale pale. Ndiyo maana nataka tununue swichi ya kusimamiwa (kisanduku cha kuunganishia nyaya kinachoweza kupangiwa masharti), inayochuja majibu ya DHCP: tundu la ruta yetu peke yake liruhusiwe kugawa anwani. Kwingine mtu achomeke atakacho.

Mjumbe wa kamati
Na neno la siri la hiyo swichi atakaa nalo nani? Leo unazuia DHCP, kesho unamzimia jirani tundu kwa kuwa mmegombana. Marufuku tunaiona sote. Yaliyomo ndani ya swichi anayaona fundi tu.

Maalim wa Langoni
Hofu hiyo ni ya haki. Wakae nalo watu wawili wa nyumba mbalimbali, na anayetaka kubadilisha kitu aandike kwanza kwenye kundi letu la WhatsApp: nini, na kwa nini. Mpangilio wa swichi unaweza kutolewa kama faili. Kila nyumba ipewe nakala, neno la siri likiondolewa. Lakini marufuku yenu mtaisimamiaje bila kubisha hodi nyumba hadi nyumba kukagua ruta? Hilo mimi simo.

Mwenye nyumba ya wageni, Mkunguni
Swichi nachangia. Kwenye vyumba vya wageni haingii mtu wa kamati.

Mjumbe wa kamati
Fundi, lete bei kabla ya kikao cha Ijumaa. Na hao wawili tutawachagua sisi, si Maalim.