Mazeras, Galana, matumbawe au graniti: jiwe lipi linafaa kutandazwa katika bustani iliyo kando ya bahari?

BustaniKilifi

Salamu kwenu nyote. Ninaomba ushauri kabla sijaagiza mawe. Nyumba yetu iko Kilifi, juu ya mwamba unaotazama bahari kuu, na bustani ninayotaka kuitandaza inaanza hatua chache kutoka ukingoni. Msimu wa kusi upepo huleta rasharasha za mawimbi hadi barazani, na asubuhi vyuma vya madirisha huwa vimeshika utando wa chumvi. Sehemu za kutandaza ni tatu: njia itokayo langoni, uwanja mdogo ambapo wazee hukaa jioni, na ukanda wa kuzunguka bwawa la kuogelea, ambapo wajukuu hukimbia pekupeku.

Nimeletewa bei za mawe ya Mazeras, ya Galana, ya matumbawe yaliyokatwa kwa mashine, na graniti kutoka Tanzania. Kila muuzaji ameniapia kwamba jiwe lake haliguswi na chumvi. Gharama ninaweza kuivumilia ikiwa jiwe litadumu. Nisichoweza kuvumilia ni kuibomoa kazi yote baada ya miaka mitano. Tafadhali nieleweshwe tofauti zake, pamoja na namna ya kuyatunza.

FundiMtwapa

Shikamoo mama. Nianze na Mazeras kwa kuwa ndilo ninalolilaza mara nyingi zaidi. Ni jiwe la mchanga, linachimbwa nyuma tu ya Mombasa, kwa hiyo gharama ya lori ni ndogo, na rangi zake zinaanzia manjano ya maziwa hadi kahawia yenye wekundu. Hupasuka kwa tabaka, hivyo uso wake huwa bapa bila kuwa laini kupita kiasi, na mguu hauterezi hata mvua inaponyesha. Ubaya wake ni kwamba shehena moja inaweza kuwa na mawe ya tabia mbalimbali. Liko gumu ambalo ukiligonga kwa nyundo linalia kama kengele, na liko ambalo linatoa sauti iliyokufa na kumwaga chembe za mchanga ukilisugua kwa kidole gumba. Hilo la pili lisikubaliwe kabisa mbele ya bahari, hata likipunguzwa bei.

Galana ni jiwe gumu zaidi na zito zaidi, na kwa niliyoyaona kazini hunywa maji kidogo kuliko Mazeras. Kwa njia na mahali pa gari silioni lingine la karibu linalolishinda. Hata hivyo uso wake una mabonde, viti na meza huyumba juu yake, na fundi hutumia muda mrefu kulichonga, kwa hiyo gharama ya kazi hupanda ingawa bei ya jiwe lenyewe si kubwa.

MwalimuWaMiamba

Ningependa kuongeza jinsi chumvi inavyolila jiwe, kwa sababu mtu akishaelewa hilo hatahitaji kiapo cha muuzaji yeyote.

Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Rasharasha zinapotua juu ya jiwe, maji hayo huingia katika vinyweleo vyake, kisha jua hukausha maji na kuiacha chumvi ndani. Chumvi inapogeuka kuwa fuwele, fuwele hizo hukua na kuzisukuma kuta za vinyweleo, na chembe za juu za jiwe huanza kubanduka moja moja. Pwani yetu ina tatizo la ziada. Chumvi ya kawaida huvuta unyevu kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, halafu hukauka na kuwa fuwele tena hewa inapopungua unyevu. Hapa usiku hewa hupita kiwango hicho na mchana, jua likiwa kali, hushuka chini yake, kwa hiyo mzunguko huo wa kuyeyuka na kuganda unaweza kurudiwa siku baada ya siku bila tone jipya la bahari kufika.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni mawili: jiwe hunywa maji kiasi gani, na je, maji yaliyoingia yana njia ya kutoka? La kwanza linapimika nyumbani. Kausha kipande cha jiwe juani kwa siku kadhaa, kipime uzani, kizamishe katika maji baridi kwa siku nzima, kifute, kisha kipime tena. Graniti nzuri huongezeka chini ya nusu ya asilimia moja ya uzani wake. Jiwe la mchanga linaweza kuongezeka asilimia kadhaa, na matumbawe laini zaidi ya hapo. Pima vipande vitano au sita kutoka sehemu mbalimbali za shehena, kwa maana kipande kimoja alichokuchagulia muuzaji hakikuambii lolote. Swali la pili linamhusu fundi kuliko jiwe, nami namwachia yeye.

BintiUnguja

Ninasikitika kuona matumbawe yanaelekea kutupwa nje mapema hivi. Ngome ya Fort Jesus, Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe, juu ya mwamba wa matumbawe, na bahari iko chini yake hadi leo. Gede, Kilwa Kisiwani, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zote ni kazi ya jiwe hilohilo. Kulitaja kuwa dhaifu bila kueleza ni lipi si haki.

Tofauti iliyo muhimu ni hii. Liko tumbawe gumu la nchi kavu, ambalo ni mabaki ya miamba ya kale iliyobaki juu bahari ilipoteremka, na liko tumbawe jepesi ambalo mafundi wa zamani walilikata baharini likiwa bichi na kulichonga kabla halijakauka, hasa kwa mihrabu na mapambo ya milango. Hilo la baharini lisiguswe na mtu yeyote leo, kwa sababu ni makazi ya samaki na ndilo linalovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye mwamba kama huo wa mama wa Kilifi. Tunalozungumzia ni la machimbo ya nchi kavu, na hata hapo uchague vipande vizito vyenye matundu machache.

Faida yake kwa wajukuu ni kubwa: rangi yake nyeupe hairundiki joto, na saa nane mchana mtoto anaweza kusimama juu yake pekupeku. Ila nitasema ukweli wote. Kuta za kale zilidumu kwa sababu zilipakwa plasta ya chokaa na kupakwa upya kila zilipochakaa, ilhali jiwe la kukanyagwa haliwezi kufunikwa hivyo. Litalika polepole, na atakayelichagua akubali kubadilisha vipande. Vilevile ni kaboneti ya kalsiamu, na kila kitu chenye asidi hulila. Kamulia ndimu juu ya kipande: ukiona povu, ujue ni jiwe la aina hiyo, hata kama muuzaji amekipa jina jingine.

MkaaziWaMaskati

Huku Maskati majira ya joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo suala la joto chini ya mguu tunalijua vizuri. Ninamuunga mkono dada wa Unguja kuhusu rangi, lakini nina tahadhari kuhusu bwawa. Maji ya bwawa hutiwa klorini, na mara kwa mara hutiwa asidi ili kurekebisha hali yake. Mtungi ukimwagika ukingoni, jiwe lolote la chokaa, marumaru ikiwemo, litabaki na alama ambayo haifutiki. Mahali hapo mimi ningechagua graniti ya kijivu iliyofifia, yenye uso uliochomwa moto au kugongwa hadi ukakwaruza. Iliyong'arishwa isikaribie maji kamwe, kwa kuwa mtoto akikimbia juu yake ikiwa imelowa ataanguka. Nyeusi pia iachwe: inapendeza katika picha na inaunguza nyayo.

BustaniKilifi

Ninawashukuru sana. Muuzaji wa Mazeras anataka kuniuzia pia dawa ya kupaka, inayolifanya jiwe ling'ae kama limelowa, na anasema bila hiyo hatawajibika. Je, niinunue?

FundiMtwapa

Usiinunue, mama. Nimeitwa mara nyingi kukwangua vanishi ya namna hiyo katika nyumba za ufukweni. Inafunga uso, lakini unyevu unaendelea kupanda kutoka ardhini ukibeba chumvi, unakwama chini ya ule utando, na vanishi inabanduka ikiwa imeshikana na ngozi ya jiwe. Ikiwa ni lazima upake kitu, tafuta sila, yaani dawa ya kuzuia maji, inayozama ndani ya jiwe bila kuacha mng'ao, ile ya jamii ya saileni au siloksani, ambayo huzuia maji kuingia na bado huruhusu mvuke kutoka. Ijaribu kwanza kwenye jiwe moja. Ipakwe jiwe likiwa kavu na limeoshwa chumvi, kwa kuwa ukipaka juu ya chumvi umeifungia ndani.

Sasa nije kwenye swali ambalo mwalimu ameniachia. Njia ya kutokea maji ni msingi. Chimba, weka kokoto kubwa, shindilia tabaka kwa tabaka, kisha mchanga wa mto uliooshwa. Mchanga wa ufukweni usiingie katika kazi hii hata ndoo moja, si wa kulazia wala wa kuchanganya na saruji, maana utakuwa umeizika chumvi chini ya jiwe kwa mkono wako mwenyewe. Uso wote uwe na mteremko wa sentimita mbili hivi kwa kila mita, maji yaelekee bustanini, si ukutani.

Kuhusu kulijaza saruji kila pengo kati ya mawe, mimi siafiki kwa njia na uwanja wa bustani. Saruji ngumu ikizingira jiwe laini, unyevu wote hutokea kupitia jiwe, na ndilo linaloharibika. Changarawe ndogo au mchanga mnene katika mapengo huruhusu maji kushuka, na siku jiwe moja likiharibika unaling'oa bila kuvunja majirani zake. Penye bwawa ni habari nyingine, kwa sababu pale mawe lazima yashikwe imara. Jambo la mwisho: Mazeras lilazwe kwa tabaka zake kama lilivyokuwa limelala machimboni. Likisimamishwa ubavu litachanika kama kurasa.

MamaTanga

Dada yangu wa Kilifi, wengine wamekueleza kujenga. Mimi nina bustani ya pwani na nitasema ya kutunza, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huacha mawe mazuri yafe.

Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Neno hilo nalisisitiza, kwa kuwa visima vingi vya karibu na bahari hutoa maji ya magadi au ya chumvichumvi, na mtu anayemwagia mawe ya bustani maji hayo kila jioni anaongeza kile anachodhani anakiondoa. Onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvi, weka tangi la kuvuna mvua ya masika kutoka paani na uyatunze kwa kazi hiyo, hasa miezi ya kusi ambapo rasharasha ni nyingi na mvua imepungua. Jiwe likitoka unga mweupe, ufagie ukiwa mkavu na kuuondoa kabisa, ndipo uoshe. Ukianza na maji unaurudisha ndani.

Ukoga wa kijani hutokea kwenye kivuli baada ya masika. Brashi ngumu ya nailoni na maji moto yenye sabuni isiyo kali hutosha ukisugua mapema. Brashi ya waya wa chuma huacha vipande visivyoonekana ambavyo hushika kutu na kutia madoa. Mashine ya maji ya nguvu hulichimba jiwe la mchanga na kutoa mchanga wa mapengoni. Dawa ya kusafishia choo, siki na ndimu visikaribie matumbawe wala marumaru. Tena kuna desturi ya kumwaga chumvi mapengoni ili kuua majani; tafadhali mkataze mtunza bustani asifanye hivyo, ang'oe kwa mkono.

Pia panda kinga ya upepo. Mti wa mvinje huvumilia chumvi vizuri. Ndio uliotangulia kupandwa kuanzia mwaka 1971 katika machimbo ya matumbawe ya Bamburi, yaliyokuwa jangwa la mwamba mtupu na leo ni hifadhi ya miti na wanyama iitwayo Haller Park. Ila usipandwe mahali unapoyafunika mawe yenyewe, kwa sababu sindano zake zikirundikana hushika unyevu na kuleta ukoga.

BustaniKilifi

Nimeonja maji ya kisima chetu leo. Yana chumvi. Kumbe ndiyo tumekuwa tukimwagia baraza, kwa hiyo tangi litatangulia mawe. Ninaelekea kuchagua Galana kwa njia, Mazeras yaliyochaguliwa kwa nyundo kwa uwanja wa wazee, na graniti iliyogongwa uso kuzunguka bwawa.

BintiUnguja

Ningekuomba uyaache matumbawe angalau kwa kingo za vitanda vya maua, mbali na bwawa. Hayakanyagwi pale, yatakaa miaka mingi, na bustani itafanana na mwamba ambao imesimama juu yake.

FundiMtwapa

Hilo ni zuri na si ghali. Mama, unapoagiza Mazeras ongeza kama sehemu moja ya kumi juu ya hesabu ya eneo, kutoka machimbo yaleyale na tabaka lileile, uyaweke nje nyuma ya nyumba yapigwe jua na mvua pamoja na yaliyolazwa. Rangi ya shehena ya mwaka ujao haitalingana, na jiwe la akiba lililofungiwa stoo litaonekana jipya kama kiraka. Kabla fundi hajaanza kulaza, muulize mchanga wake umetoka mto gani.