Mjadala: Nafasi za ualimu zigawiwe kwa wilaya, mwenyeji apewe kwanza?

Chaki Kavu (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi mkoani Katavi, mbali na lami. Kwa miaka 11 niliyokalia kiti hiki nimepokea walimu wapya 9. Waliobaki ni 2, na wote ni wenyeji wa huku.

Wale 7 hawakuwa walimu wabaya. Mmoja alikuwa fundi wa kuwafundisha darasa la kwanza kusoma, mpaka leo sijaona wa kumfikia. Alifika na begi moja, akakuta nyumba ya mwalimu imeezuliwa na upepo, akapanga chumba kwa mama muuza pombe. Anasahihisha madaftari kwa tochi ya simu huku walevi wanaimba ukutani. Alipothibitishwa kazini tu, akaanza kuandika barua za kuhama.

Sasa tangu ajira zetu zihamie Sekretarieti ya Ajira, mjadala wote umeganda kwenye usaili. Huyu anasema mchujo ndio utatupa walimu bora, yule anasema ni kuwatesa waliohitimu 2015 ambao vyeti vyao vimepauka kabatini. Mimi nauliza la baada ya hapo: huyo aliyeshinda usaili mnampeleka wapi, na atakaa?

Hoja yangu: nafasi za shule za msingi zigawiwe kwa wilaya, na mwenyeji mwenye sifa apewe kwanza. Mwenyeji sisemi kabila. Nasema aliyesoma hapo au anayeishi hapo. Nibisheni.

Msahihishaji
Mkuu, nakubisha mapema kabla mada haijapoa. Ukisema "mwenyeji kwanza" umempa diwani ajira za kugawa. Nani atathibitisha uenyeji kama si barua ya mwenyekiti wa kijiji? Na barua hiyo bei yake tunaijua.

Halafu nchi hii iliunganishwa na walimu. Baba yangu ni wa Bukoba. Alipangiwa Newala mwaka 1968, akaoa huko huko. Kwa utaratibu wako mimi nisingezaliwa.

Chaki Kavu
Msahihishaji, tunashukuru umezaliwa. Swali moja tu: mzee alipofika Newala alikuta nyumba?

Msahihishaji
Alikuta. Na wanakijiji walimsaidia kulima shamba mwaka wa kwanza. Lakini usinigeuzie maneno. Hiyo ni hoja ya kujenga nyumba, si hoja ya kufunga mipaka ya wilaya.

Mstaafu wa UPE
Vijana, mimi nilikuwa mwenyeji huyo mnayebishania. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni, ndiyo hiyo UPE, walimu hawapo. Wakatuchukua sisi tuliomaliza darasa la saba, mimi nikachukuliwa 1976. Unafundisha kijijini kwako, na wewe mwenyewe unafundishwa ualimu siku hizo hizo: mratibu anakuja, redio inasikilizwa, masomo yanakuja kwa posta. Miaka 3 hivyo.

Walitucheka, na kuna mahali walikuwa na haki. Hesabu za darasa la saba zilitushinda wengine, nami nikiwemo. Ila hatukuhama. Uhame uende wapi, na mama yako anakupikia hapo ng'ambo ya kiwanja cha shule?

Chaki Kavu, usishangilie. Mwenyeji asiyesomeshwa ni hasara inayodumu miaka 35, maana huyo haondoki. Kilichotusaidia ni yule mratibu aliyekaa nyuma ya darasa, kisha akakwambia jioni ulipokosea. Siku hizi kuna MEWAKA, walimu wakutane shuleni kwao wafundishane. Wazo ni zuri sana. Mjukuu wangu ni mwalimu, ananiambia shuleni kwake wanasaini mahudhurio, wanapiga picha ya kutuma wilayani, wanatawanyika.

Binti wa Fizikia
Shikamoo babu. Nakubaliana nawe, lakini mada inanikera kidogo, maana inawasahau wa sekondari. Nilisoma shule ya kata. Kidato cha pili hadi cha nne hatukuwa na mwalimu wa Fizikia, tulikuwa na kijana wa kujitolea aliyekuja likizo. Wilaya isiyo na mwalimu wa Fizikia haizai mwalimu wa Fizikia. Ukigawa kwa wenyeji, Fizikia utampata wapi? Utabaki na wa Historia na Kiswahili tele (samahani zao).

Na jambo lingine hamligusi. Mkuu wa shule ana posho ya madaraka. Mimi wa darasani, niwe hodari nisiwe hodari, sina. Nikitaka kupanda kweli kweli inabidi niache chaki nikawe afisa. Yaani wilaya ikiona unafundisha vizuri, zawadi yake ni kukutoa darasani. Hata mwenyeji ataondoka kwa mlango huo.

Chaki Kavu
Hilo la Fizikia umenishinda, ndiyo maana niliandika shule za msingi. Hilo la posho nalijua vizuri maana mimi ndiye ninayeipokea, na yule mwalimu wangu wa darasa la kwanza aliyehama hakupata hata shilingi. Nakiri.

Jirani wa Garissa
Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya tumeonja pande zote mbili. Mwaka 2018 TSC, tume inayoajiri walimu, ilianza kuwapeleka walimu mbali na kaunti zao, hasa wakuu wa shule. Familia zikatenganishwa, vilio vikawa vingi, na baada ya uchaguzi wa 2022 wengi wakarudishwa makwao.

Lakini huku kwetu kaskazini mashariki ni kinyume. Walimu wengi walikuwa wa kutoka bara. Mashambulizi yakazidi, na mwaka 2020 wasio wenyeji wakaondolewa. Shule zikabaki na kengele bila wa kuipiga. Hapo ndipo tuliona ubaya wa kutokuwa na walimu wetu wenyewe. Hauwezi kuanza kuwatafuta wenyeji siku wageni wameondoka. Chuo huchukua miaka.

Msahihishaji
Jirani, poleni. Hilo la mwisho nalichukua: wenyeji waandaliwe kuanzia chuo cha ualimu, vijana wa wilaya zenye uhaba wasomeshwe. Nikubali hapo. Ila ajira ibaki ya taifa.

Kemia Mpanda
Samahani wakuu kwa kutoka nje ya mada. Niko Mpanda, sekondari, Kemia na Biolojia, mwaka wa nne huu. Natafuta wa kubadilishana naye aliyeko Same, Mwanga au Moshi. Shule iko karibu na barabara, maji yapo.

Mtoto wa Mpanda
Kemia Mpanda, usimpe mtu mwingine! Mimi ni mzaliwa wa Mpanda, Kemia na Biolojia, niko Same mwaka wa sita. Mama mgonjwa, nimeomba kuhama mara 3. Barua naandika usiku huu.

Chaki Kavu
Msahihishaji, umewaona hao wawili?

Msahihishaji
Nimewaona, mkuu. Ngoja nile kwanza.