Wauza petroli ya boti pwani ya Dar, mnatuulia mashine!

Wakuu, bila kuzunguka: Kunduchi, Msasani, Feri mpaka Kigamboni, ukinunua petroli iliyokwisha kuchanganywa oili umecheza kamari. Muuzaji anamimina kwa macho, rangi ikibadilika anakwambia "tayari hiyo". Tangu lini rangi ikawa kipimo? Ile ni rangi tu inayotiwa kwenye oili kiwandani, nyingine imekolea buluu, nyingine huioni kabisa.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Mashine nyingi za kuchanganya (zile zinazotumia petroli iliyotiwa oili), vitabu vyake vinasema 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Ikiwa mpya, saa za mwanzo mara nyingi ni 25 kwa 1, mililita 800. Kitabu chako kikisema tofauti, fuata kitabu. Huna kikombe cha vipimo? Chupa ya maji ya nusu lita ikijaa ni ya lita 25 kamili. Na hilo dumu la njano mnaloliita la 20, likijazwa mpaka shingoni linazidi, kwa hiyo hata aliyepima oili vizuri ameshapunja.

Tuje kwenye oili. Ya boti ina alama ya TC-W3. Mnachotuuzia ni ya pikipiki, tena kwenye chupa zilizofunguliwa, na wapo wanaothubutu kutia oili ya gari namba 40! Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, haichemki kama pikipiki, na oili isiyo yake inaacha majivu. Yanaganda juu ya pistoni, ringi zinanata, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inashuka, boti inaanza kunywa petroli. Tajiri anamgeukia nahodha: unaninyonyea mafuta.

Oili ikipungua ni balaa zaidi. Mashine hizi hazina oili ya chini kama gari, beringi za krenki na pistoni zinalainishwa na hiyohiyo iliyomo kwenye petroli. Ikikosekana, mashine inanoki, yaani inakwama. Na wale wa "zidisha oili ndiyo usalama", acheni. Plagi inalowa na kuwa nyeusi, halafu oili ya ziada inachukua nafasi ya petroli, petroli inakuwa chache kwa hewa inayoingia na joto linapanda. Plagi nzuri ni ya kahawia. Ukiona nyeupe kama chokaa, zima kazi utafute sababu.

Kuchanganya: lita 5 za petroli kwanza, oili yote, tikisa, jaza zilizobaki, tikisa tena. Wauzaji wanajaza dumu kisha wanamwaga oili juu. Inazama, na mpira wa tangi unavuta chini: mnaanza na moshi mzito, mkishakipita kisiwa cha Bongoyo mnaendeshea petroli tupu.

Kwa wanaolalamikia ulaji, mashine ya nguvu farasi 40 ikifunguliwa moto wote inakula kama lita 15 hadi 20 kwa saa. Ikizidi hapo, kabla fundi hajagusa kabureta angalia propela iliyomegeka na chaza walioganda chini ya boti.

Mwenye kujua duka upande wa Kigamboni linalouza TC-W3 yenye lakiri na kupima mbele ya mteja aweke hapa. Eneo tu, matangazo hatutaki.